Dakika Nzima na Mkono wa Wifi

Kituo chetu cha afya kilikuwa na manesi wanne. Watatu walihesabu mapigo ya moyo kwa sekunde kumi na tano, wakazidisha kwa nne, wakaandika, wakaita anayefuata. Wa nne alishika mkono wa mgonjwa, akainamia saa iliyobanwa kifuani kwake, akahesabu dakika nzima. Hakuna aliyeweza kumharakisha. Mtoto alie nje, simu iite, daktari agonge mlango, yeye yuko palepale, vidole vitatu vimetulia chini ya dole gumba la mtu, midomo inacheza bila sauti. Ndiyo maana watu wa foleni walimpa jina la Dakika Nzima, na jina likamkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, nyuma ya kile kioo chenye tundu la duara ambalo kila mtu huingiza mdomo badala ya kuongea tu. Kutoka hapo nilikuwa naona lango, benchi tatu za kusubiri na mlango wa chumba chake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia mwenyewe, maana alikuwa hodari wa kusimulia. Yaliyobaki nilisimuliwa na wifi yake, ambaye kwa kusimulia alimshinda.

Dakika Nzima alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na mitatu, mwenye viatu vyeupe alivyovisugua kwa mswaki mkuukuu kila Jumapili. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole asiye na maneno. Alisema maneno yote ya nyumba hiyo yalishachukuliwa na wanawake wawili, mkewe na dada yake mkubwa, na wala hakuwa na haja ya kugombea makombo.

Huyo dada yake mkubwa ndiye wifi wa nesi wetu, fundi wa mapazia, mwenye duka la cherehani tatu barabara ya nyuma ya kituo. Tangu siku ya harusi hawa mawifi wawili walikuwa wanatupiana vijembe, na miaka ishirini na minane haikuwachosha. Wifi alikuwa akiwaambia wateja wake, "Yule alimshika mdogo wangu mkono kumpima, mpaka leo hajamwachia." Nesi naye akisikia alijibu, "Mwambieni bado nahesabu."

Basi siku moja daktari wetu akarudi kutoka mkutanoni na boksi dogo. Ndani mlikuwa na kidude cha ukubwa wa kiberiti, kina vibati viwili vya kung'aa. Unaweka kidole gumba hiki hapa na kile pale, unatulia nusu dakika, na mstari wa moyo wako unajichora kwenye simu. Tukajaribu sote. Mfanya usafi akajaribu mara tatu kwa sababu alipenda kuuona ukitembea.

Daktari akatukusanya kwenye chumba cha chanjo akatueleza. "Moyo unaokwenda mbio mnaujua. Unaokwenda polepole mnaujua. Kuna na wa tatu, unaopiga ovyo ovyo. Hauna mpango. Mtu anaweza kuishi nao miaka mitatu asijue, akadhani ni uzee au viatu vinambana. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukamua. Damu inazubaa humo, inaganda, na siku kibonge kikichomoka kikapanda kichwani, ndiyo kiharusi hicho." Akatuangalia mmoja mmoja. "Dawa ipo. Shida ni kumpata mtu kabla kiharusi hakijampata."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Kila mwenye miaka sitini na mitano kwenda juu akivuka lango letu, awe amekuja na jino, sikio au kusindikiza mtu, anashikwa mkono. Mapigo yakiwa na mashaka, anawekwa kwenye kidude. Mstari ukiwa na mashaka, anapelekwa hospitali kubwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia kitone cha kijani kwenye kadi za hao wazee.

"Dakika nzima kila mzee?" akauliza nesi mdogo kuliko wote. "Tutahamia hapa."

"Sekunde kumi na tano zinatosha kujua moyo una kasi gani," daktari akasema. "Hazitoshi kujua kama una adabu."

Sote tukageuka kumtazama Dakika Nzima. Yeye akawa anakagua kucha zake, lakini masikio yalikuwa yamemsimama kwa furaha.

Wiki za kwanza zilikuwa vichekesho. "Nimekuja na jino, mkono unautakia nini?" bibi mmoja aliuliza. "Jino halikimbii, bibi, limefungwa," akajibiwa. Mzee mwingine alidhani anasalimiwa, akatikisa mkono kwa nguvu, akauliza habari za nyumbani, hesabu ikaanza upya. Wengine walianza kuja wamekunja mikono ya mashati tayari, kama watu wanaokwenda kufua. Kila jioni Dakika Nzima alinipitishia orodha yake dirishani, na karibu kila jioni ilikuwa safi: sawa, sawa, sawa. Nilimwuliza kama haimkatishi tamaa. Akaniambia, "Wewe unataka niombee watu wagonjwe?"

Halafu akaja mwenye bucha.

Huyu alikuwa pande la mtu, miaka sitini na minane, amejikata kidole. Wakati anafungwa bendeji, Dakika Nzima akamshika mkono wa pili. Akahesabu. Akakunja uso. Moyo ulikuwa unaenda vizuri, kisha unaruka kama mtu aliyekosa ngazi, kisha unaendelea. Akataka kumweka kwenye kidude, lakini siku hiyo simu ya kusomea ilikuwa na daktari, na daktari alikuwa kwenye kikao upande wa pili wa mji. Akamwambia kwa upole arudi kesho asubuhi, na asiwe na wasiwasi.

Ukimwambia mtu asiwe na wasiwasi umeshampa. Mwenye bucha alitoka pale akaenda moja kwa moja dukani, akamkabidhi mkewe funguo. Saa kumi na moja jioni alikuwa mlangoni kwa kaka yake, ambaye hawakuwa wamesemezana naye miaka sita kwa sababu ya ukuta wa uani. Akamwomba msamaha huku machozi yanamtoka, akakubali kwamba ukuta kweli ulivuka mpaka, akaahidi kuubomoa. Kesho yake akaja kituoni amevaa shati la kutokea, akaweka vidole kwenye vibati. Daktari akasoma mstari, akacheka kidogo.

"Ni mapigo ya ziada tu haya. Watu wengi wanayo. Punguza kahawa, uende kazini."

Mwenye bucha akageuka kwa Dakika Nzima. "Nesi, na msamaha niliokwisha kuomba, naurudishaje?"

Tulicheka mpaka watu wa foleni wakachungulia. Lakini Dakika Nzima hakucheka sana. Alasiri ile alikuja dirishani kwangu akaniambia amemtisha mtu bure. Daktari alikuwa anapita na kikombe chake, akamsikia. "Hukumtisha bure, ulimtilia shaka," akasema. "Kidude tumeletewa kwa ajili hiyo, kitutoe kwenye shaka. Endelea."

Habari haikai buchani. Nyama ikifungwa, na habari inafungiwa humohumo. Siku mbili hazikupita, wifi yake akawa nayo, na akaipamba kama anavyopamba mapazia, chini na juu. "Wifi yangu siku hizi anaua watu kwa mdomo," alikuwa akiwaambia wateja. "Ukimpa mkono tu, andika wosia."

Sasa, mapazia ya vyumba vyetu vya matibabu yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba anayevua shati ndani alionekana na benchi ya kwanza. Daktari aliamua yashonwe mapya, na fundi wa jirani alikuwa mmoja. Jumatano moja, saa tatu asubuhi, Wifi akaingia na tepu ya kupimia shingoni, pini zimejipanga mdomoni, daftari kwapani. Alikuwa na miaka sitini na saba na hajawahi kuwa na kadi kwetu. Alijigamba kwamba hospitali ni mahali pa kwenda kuutafuta ugonjwa uliokuwa haujakuona.

Alianza na chumba cha wifi yake makusudi. Akapanda kigoda, akapima upana wa dirisha, akapima urefu, akashuka. Halafu akakaa. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

Dakika Nzima alikuwa anapanga sindano kwenye trei. Akaziacha. "Wifi, umechoka?"

"Viatu hivi."

"Umevaa kandambili."

"Basi kigoda chenu kirefu."

"Leta mkono."

"Wee! Mimi nimekuja kupima, sikuja kupimwa."

Sauti yake ilifika hadi kwangu, na benchi zote tatu zikanyamaza ili kusikiliza vizuri. Daktari akatoa kichwa mlangoni kwake. "Nani ana miaka sitini na mitano kwenda juu na hana kitone cha kijani?"

"Mimi ni fundi wa mapazia!" Wifi akasema.

"Umevuka lango?"

"Nimevuka."

"Basi."

Akaona watu wote wanamwangalia. Alikuwa mtu wa kujivunia, na kukataa mbele ya benchi tatu kungeonekana woga. Akanyoosha mkono kama malkia anayepewa pete. "Haya, shika. Lakini mdomo wangu unaendelea na kazi."

"Ukiongea nitapoteza hesabu."

Wifi akanyamaza. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye dirisha langu, nimesimama mlangoni na faili ambalo halikuhitajika na mtu yeyote, na nashuhudia kwamba alinyamaza dakika nzima. Mumewe nesi aliposimuliwa baadaye hakuamini sehemu hiyo.

Dakika ikaisha. Dakika Nzima hakuuachia mkono. Akaanza tena.

"Mbona unarudia? Umesahau baada ya ngapi?"

Dakika Nzima aliniambia baadaye kwamba chini ya vidole vyake hakukuwa na mpangilio wowote. Mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu yamefuatana, kimya, moja dogo, moja kubwa. Haukuwa kama moyo wa mwenye bucha, unaokwenda vizuri na kujikwaa hapa na pale. Huu haukuwa na pa kujikwaa, kwa sababu haukuwa na njia. Alimaliza dakika ya pili, akaenda kuleta kidude mwenyewe, na nilipomwona usoni nilirudi kwenye dirisha langu.

Daktari aliusoma mstari akiwa amesimama. Akamwonyesha Wifi. "Hivi vilima virefu ndivyo mapigo. Vinatakiwa viachane sawasawa, kama pete za pazia. Ona vyako. Hapa vimesongamana, hapa vimeachana. Na kabla ya kila kilima kirefu kunatakiwa kuwe na kadogo. Sikaoni. Nataka uende hospitali kubwa wakupime kwa mashine kamili wiki hii."

Wifi aliangalia ile simu. Kisha akainuka, akakunja tepu. "Mwenye bucha naye mlimwambia hivihivi," akasema. "Mapazia yatakuwa tayari wiki mbili." Akatoka kwa hatua za haraka kuliko alivyoingia.

Alhamisi hakwenda hospitali. Ijumaa hakwenda. Dakika Nzima alipita dukani mara mbili akaambiwa na msaidizi wa duka, mama mmoja mshona mito, kwamba bosi ametoka, na bosi mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la maonyesho, miguu inaonekana.

Wa kwanza kutumwa alikuwa mdogo wake, fundi bomba. Alikwenda na mkoba wake wa kazi, akajifanya anaangalia bomba la sinki. Akiwa chini ya sinki akaanza. "Dada, maji yakisimama kwenye bomba, hayapiti vizuri, yanafanya utando. Siku presha ikirudi, ule utando unachomoka, unakwenda kuziba mbele huko. Sasa damu nayo..."

"Mimi ni bomba?"

"Hapana, dada."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Ya bomba nayajua mwenyewe," akasema kwa unyonge. "Ya damu nimefundishwa."

"Mwambie mwalimu wako shule imefungwa." Lakini alimpa chai, na alipokuwa anaimimina, mdogo wake aliona ameegemea meza kwa mkono mmoja.

Jumamosi mchana Dakika Nzima akaenda mwenyewe, bila sare, bila saa kifuani. Safari hii Wifi hakujificha. Alikuwa anachomeka pete kwenye pazia moja refu la kijani hafifu, pazia letu. Akamsogezea wifi yake ncha ya pili bila salamu. "Kama umekuja kukaa, fanya kazi. Kila baada ya vidole vinne, pete."

Wakafanya kazi. Mshona mito alikuwa ameshakwenda nyumbani. Baada ya pete kama kumi hivi, nesi akasema, "Wifi, unamkumbuka mama yangu?"

"Namkumbuka. Alikuwa ananisahihisha Kiswahili changu kwa nusu mdomo."

Ilikuwa kweli. Mama yake Dakika Nzima alikuwa mwalimu, na asubuhi moja chaki ilimdondoka darasani, na mkono haukuinuka tena kuiokota. Aliishi miaka minane baada ya kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala, upande wa pili unakosoa kila mtu.

"Siku mbili kabla ya ile chaki nilimpima mimi," nesi akasema. "Alilalamika uchovu. Nilikuwa na haraka, nina zamu. Nikamshika sekunde kumi na tano. Kumi na tisa. Mara nne."

Wifi, ambaye maisha yake yote alipima vitambaa, akajibu bila kufikiri, "Sabini na sita."

"Sabini na sita. Nikaandika kwenye karatasi, nikamwambia mama uko sawa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana sikuwaza kurudia. Hospitali walikuja kuniambia moyo wake ulikuwa unapiga ovyo. Huenda kwa miezi."

Wifi aliacha pete. Miaka ishirini na minane ya vijembe, na hili hakuwahi kulisikia. Hata mdogo wake hakuwahi kuambiwa. "Hukumwambia mama?"

"Nilimwambia mwaka wa pili. Akaniambia, 'Sasa utajua kuhesabu.' Kwa nusu mdomo."

Hapo wakacheka wote wawili, kicheko kile kinachotoka kabla hujaamua, na Wifi akajifuta macho na ncha ya pazia la serikali. Kisha, akiwa ameinamia pete zake, akasema kama mtu anayetaja bei ya uzi, "Tangu mwezi wa pili. Nikipanda kigoda, humu kifuani mnakuwa kama mna kuku aliyefungwa miguu ndani ya kikapu. Anapapatika, anatulia. Nikilala ubavu huu wa kushoto namsikia."

"Mbona hukusema?"

"Nikwambie wewe? Ili uwe wa kwanza kujua?" Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Jumatatu saa ngapi?"

Jumatatu saa moja na nusu walikuwa kwenye foleni ya hospitali kubwa, wamekaa bega kwa bega. Wifi alilazwa kwenye kitanda chembamba, akabandikwa waya kumi, mikononi, miguuni na kifuani, na akamweleza mpimaji kwamba waya hizo zilibandikwa vibaya kimpangilio na zingependeza zaidi zikifuatana rangi. Mpimaji akamwomba asiongee. Ikawa mara ya pili ndani ya siku saba, na akatujulisha baadaye kwamba hataki mazoea.

Majibu yalikuwa yaleyale. Wakamtoa damu, wakaangalia figo, wakaangalia tezi ya shingo. Daktari wa moyo, binti mdogo aliyevaa miwani mikubwa, akamwandikia dawa mbili: moja ya kuutuliza moyo usikimbie, na nyingine ya kuzuia damu kuganda. Na hapo ndipo vita ya pili ilipoanza.

"Kuzuia damu kuganda," Wifi akarudia. "Mwanangu, unajua kazi yangu? Mimi najichoma sindano kila siku ya Mungu. Leo nimejichoma mara mbili kabla hakujakucha vizuri. Nikinywa dawa yako, si nitamwagika kama chujio? Nina pazia jeupe la lesi mezani!"

Dakika Nzima alikuwa amefungua mdomo, lakini binti wa miwani hakucheka wala hakupuuza. Akaomba kuona vidole. Akavigeuza kwenye mwanga, akaviona vile vitundu vidogo kwenye ncha. "Kichomo cha sindano kitatoka damu muda mrefu kidogo kuliko zamani," akasema. "Utabana kwa kitambaa safi bila kuchungulia, dakika tano, hata kumi. Kitakoma. Ukianguka ukagonga kichwa, au ukaona choo cheusi, au damu ya pua isiyokatika, hiyo unakuja siku hiyohiyo. Na ukishona, vaa kastabini."

Kastabini ni kile kikofia cha chuma cha kidoleni. Wifi maisha yake yote alikitazama kama kitu cha wanafunzi wa wiki ya kwanza. "Nina miaka arobaini na tano kwenye sindano," akasema.

"Basi una miaka arobaini na tano ya kutoboa vidole," nesi akamjibu. "Vaa."

Akavaa. Si siku hiyo, lakini akavaa. Siku hiyo alikubali kununua dawa, na walipofika dukani Dakika Nzima akafungua droo ya cherehani kutafuta mkasi, akakuta vidonge vya kutuliza maumivu vya kila rangi, vya mgongo, vya shingo, vya magoti. Akavimwaga vyote mezani.

"Hivi navyo?"

"Hivyo ndivyo vinavyoshona mapazia, mimi nasaidia tu."

"Hivi pamoja na dawa yako mpya ndiyo vitakumwaga kama chujio. Mgongo tutautafutia dawa nyingine isiyogombana nayo." Akavikusanya kwenye mfuko akaondoka navyo, na Wifi akamfuata hadi mlangoni akilalamika kwamba tangu aolewe kwao huyu mwanamke hajaacha kubeba vitu. Wapita njia walidhani wanagombana. Walikuwa wanaagana.

Mapazia yalichelewa siku nne, na yalipotundikwa yalikuwa mazuri hata watu wakawa wanaingia vyumbani kwa heshima zaidi. Wifi alikuja kuyatundika mwenyewe, lakini kigodani alipanda mdogo wake, na yeye akasimama chini anaamuru: kulia, juu, kulia kwangu mimi si kwako. Moyo wake haukurudi kupiga kwa mpangilio. Daktari alituambia mioyo mingine hairudi, na kwamba si lazima urudi ili mtu aishi vizuri. Lakini ulipungua mbio, na yule kuku, kwa maneno yake mwenyewe, alipatiwa kikapu kikubwa zaidi.

Miezi mitatu ya mpango ilipoisha nilikaa na daftari nikajumlisha. Mikono mia nne na kumi na miwili ilishikwa. Thelathini na mmoja wakawekwa kwenye kidude. Tisa wakakutwa na moyo wa ovyo kweli, na saba kati yao hawakuwa na habari, akiwemo mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu kupata chanjo. Daktari aliisoma hesabu mbele yetu, na akatangaza mpango unaendelea. Nesi mdogo alihema kwa sauti. Ila mimi nilikuwa nimeshamwona siku mbili tatu hivi, amemshika bibi mmoja, jicho kwenye saa ya ukutani, na sekunde kumi na tano zimeshapita kitambo.

Mwezi wa kumi Wifi alisafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua, wiki tatu, safari yake ya kwanza ndefu tangu aanze dawa. Aliondoka na orodha ya dawa na saa zake, aliyoandikiwa na Dakika Nzima kwa herufi kubwa. Siku ya tano, saa nne asubuhi, foleni imejaa, simu ya mapokezi ikaita.

"Nipe wifi yangu."

"Ana mgonjwa, mama."

"Mwambie ni mgonjwa."

Nikamwita. Akaja mbio, viatu vyeupe vinalia sakafuni, akanipokonya simu. "Wifi, vipi?"

Nilisikia yote, maana Wifi hakuwahi kuamini kwamba simu hupeleka sauti yenyewe. Alikuwa amesahau dawa ya asubuhi kwa ajili ya kumwogesha mtoto. Je, anywe mbili usiku?

"Usinywe mbili. Kunywa moja sasa hivi, nakusikiliza."

Tukasikia glasi. Tukasikia anameza. "Tayari. Sasa sikiliza, wifi, nikwambie mapazia ya huku. Mkwe wangu kanunua yaliyoshonwa tayari. Ya duka! Yameishia katikati ya ukuta kama suruali ya mtu aliyekua ghafla..."

"Wifi, nina foleni."

"Foleni haikimbii. Na mtoto kachukua pua ya mdogo wangu, maskini, nilidhani itaruka kizazi..."

Dakika Nzima alinitazama, akatazama benchi tatu zilizojaa, akavuta kiti changu kwa mguu, akakaa. "Pua ipi," akauliza, "inavyoonekana kwa mbele au kwa ubavuni?"

Nikachukua kadi zangu nikatoka nikawaambia wagonjwa nesi anakuja.